Alichokisema Merle Hewani

Betri za mnara wa Kilima cha Hapgood tulizinunua kwa soseji. Sitanii. Jumamosi kumi na nne mfululizo tulisimama mbele ya duka la vifaa vya shamba pale Bellwick, mimi na yeyote niliyeweza kumshika shati, tukichoma soseji na kuzilaza kwenye mkate na vitunguu, dola mbili na nusu kila moja. Mwisho wake mnara ukapata betri mpya, na bonde likaweza kuzungumza hata umeme ukikatika. Nyaya na antena zilitoka kwenye bahati nasibu ya sinia la nyama, kila Ijumaa, kwenye baa ya Nev.

Mimi ni Trudi, fundi wa redio za vikosi vya zimamoto vya kujitolea vya bonde letu: vikosi kumi na kimoja, minara mitatu na redio mia moja na tisini, nyingine zina umri wa kunizaa. Halmashauri inanilipa siku mbili kwa wiki. Siku zinazobaki nafanya bure, na mume wangu ameshaacha kuuliza.

Lakini mimi ni wa nyaya tu. Sauti ya mtandao wetu ni Merle Tranter. Anakaa kituoni, chumba cha mbao nyuma ya ukumbi wa zimamoto, ana redio mbili mezani, ramani ukutani na birika lisilopoa. Wakati wa kiangazi huita vikosi vyote kila siku saa mbili asubuhi, kimoja kimoja, kuhakikisha redio zinafanya kazi. Wakati wa kipupwe huita Jumatatu tu. Ni mjane, umri wake sitini na saba, na ana sauti ambayo mtu aliyezungukwa na moshi akiisikia hukumbuka kuvuta pumzi.

Kikosi cha mwisho kwenye orodha yake ni Sally. Kapteni wake ni Clem Rudduck, mfuga kondoo, mtu mrefu ambaye hajaoa, mikono yake yote miwili ina makovu ya moto. Clem anaishi ndani ya Korongo la Sally, na humo mawimbi hayaingii. Ukipita lile lango la kondoo lililo juu ya kilima na kuteremka, redio yako inakuwa jiwe. Kwa hiyo Clem, ili kujibu neno moja la asubuhi, huendesha gari kilomita mbili hadi langoni, hujibu, kisha hurudi kunywa chai yake.

Miaka minane niliiandikia serikali ya jimbo kuomba mnara wa nne pale langoni. Miaka minane nilijibiwa kwamba korongo lina nyumba tisa tu. Ni kweli, zipo tisa. Nilizihesabu mwenyewe, nikijaribu kuziona nyingi.

Mwaka jana tukapata habari kwamba kamati ya bunge la jimbo ingekuja Bellwick mwezi wa nane kusikiliza maombi ya fedha za mawasiliano ya dharura. Kila mwombaji alipewa dakika ishirini. Nikaanza kutafuta ushahidi. Nilijua kulikuwa na moto mkubwa miaka kumi na mmoja nyuma, miaka miwili kabla sijahamia bondeni, na kwamba gari la Sally lilinaswa korongoni siku ile. Nikaenda kupekua stoo ya kituo. Nyuma ya koti la mvua lililoliwa na panya nikakuta sanduku la kaseti. Yule aliyekuwa fundi kabla yangu, sasa marehemu, alikuwa amefunga kinasa sauti chini ya meza ya redio. Kila kitu kilichosemwa hewani kilikuwa kimenaswa, na tarehe ziliandikwa kwa mwandiko wake wa kuinama.

Niliisikiliza kaseti ya siku ile ya moto karakanani kwangu, mchana, mlango ukiwa wazi.

Saa tisa na nusu upepo unageuka. Merle anaanza kuita. "Gari la Sally, Gari la Sally, hapa Kituo. Mnanipata? Ova." Kimya. Anangoja dakika mbili, anaita tena. Katikati anapokea magari mengine, anawapa upepo, anawaonyesha njia, sauti haitikisiki. Magari mawili yanaomba ruhusa ya kuingia korongoni kuwatafuta wenzao. Anawakatalia. Hajui moto uko wapi, hajui Sally wako wapi, na hatapeleka watu wanane zaidi mahali asipoweza kuwasikia. Anarudi kuita. Nilihesabu. Aliita mara thelathini na nane.

Halafu, saa kumi na dakika hamsini na mbili, aliacha kuita gari.

"Clem," alisema. "Clem Rudduck. Ni mimi. Nijibu, mpenzi wangu. Kama huwezi kusema, bonyeza tu nisikie mlio. Usiniondokee, bwana. Sijakwambia bado."

Kimya kikapita, kirefu. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ya taratibu mno: "Kituo, hapa Gari la Bellwick. Tupo tunakusubiri. Hatuna haraka, Merle."

Na Merle, kwa sauti yake ya kila siku, akasoma kasi ya upepo.

Nilizima. Nikatoka nje nikaosha uso kwenye bomba la bustani, ingawa kulikuwa na baridi.

Jioni ile nikamwendea Nev, kwa sababu ile sauti ya Gari la Bellwick niliitambua. Alikuwa anapanga glasi. Nilipomwambia nilichosikia, mikono yake ikasimama.

"Umeitoa wapi?"

"Kuna kaseti. Nev, nani mwingine alisikia?"

"Unauliza nani?" Akacheka bila furaha. "Magari kumi na saba yalikuwa hewani. Na wakati ule kila jiko la bonde hili lilikuwa na redio ya kusikilizia. Mama yangu alisikia akiwa anakanda unga. Wote tulisikia, Trudi."

"Mbona sijawahi kuambiwa? Miaka tisa niko hapa."

"Kwani lilikuwa letu la kusema?"

"Na Clem?"

Nev akanitazama kama mtu anayemtazama fundi mjinga. "Clem alikuwa korongoni. Korongoni hakusikiki kitu. Si ndiyo sababu unatuchomesha soseji?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Maneno yale yaliyafikia masikio yote ya bonde isipokuwa mawili, na yale mawili ndiyo yaliyokuwa yameitwa.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri pia kwamba usiku ule nilipiga hesabu ya fundi: kaseti hii wakiisikia wanakamati, mnara tumepata. Asubuhi nikaona haya, nikaenda kwa Merle na kaseti mfukoni.

Alikuwa anamenya machungwa ya kupikia jemu. Nilipomweleza, hakuacha kumenya.

"Nilidhani kile kinasa kilikuwa kibovu," alisema.

"Samahani, Merle. Nilisikiliza kabla sijajua."

"Wewe ni wa mwisho kusikia, mwanangu, usijilaumu." Akaweka kisu chini. "Jumatatu yake nilikwenda dukani kununua maziwa. Nilivaa gauni langu zuri, maana nilijua watanicheka, nikasema wanicheke nikiwa nimependeza. Yule mama wa dukani akanipa chenji, akasema huenda mvua ikaja. Basi. Nikaenda posta, wakaniambia mvua. Kanisani, mvua. Bonde zima likanisitiri. Ningewezaje kuwalipa watu kama hao? Nikaendelea kuwaita kila asubuhi, ndiyo malipo niliyokuwa nayo."

"Hukumwambia yeye?"

"Alitoka hai saa kumi na moja na nusu, yeye na wenzake wawili wa garini, Bronwen na Jude. Walikuwa wameegesha gari katikati ya malisho yaliyokwisha kuliwa na kondoo, wakajifunika mablanketi, wakajinyunyizia maji. Nilipomwona hospitali, mikono imefungwa kama maboga mawili, akaniambia, 'Asante kwa kazi nzuri, Kituo.' Kituo! Nikasema ngoja apone mikono. Ikapona. Nikasema ngoja asahau moto. Halafu miaka ikazoea." Akafuta mikono kwenye aproni. "Mimi najua kwamba wao wanajua, na wao wanajua kwamba najua, na yeye analeta kuni kila kipupwe, anaondoka na jemu. Tulikuwa sawa."

"Sitaitumia ile kaseti," nikasema. "Nitaichoma ukitaka."

Akashika kisu tena. "Bronwen sasa ana watoto wawili, na nyumba yao iko humo korongoni. Mle mle." Akachukua chungwa jingine. "Itatumika. Lakini haichezwi mbele ya mgeni kabla Clem hajaisikia. Jumapili saa tisa. Na wewe uje na mashine yako, maana mimi vidole vitakataa."

Jumapili Clem alifika na kuni, kama kawaida, akavua viatu mlangoni. Merle alikuwa ameoka skonzi, tukanywa chai. Nilitamani kuzama ardhini. Nikasema nitatoka nje nikaangalie antena.

"Kaa," Merle alisema. "Clem, Trudi ameleta kitu cha siku ile. Sikiliza mpaka mwisho, usiseme kitu."

Nikabonyeza. Clem alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa za moto, kichwa chini, mikono yenye makovu juu ya magoti. Zile mara thelathini na nane alizisikiliza zote. Dirisha lilikuwa na ukungu. Jina lake lilipotajwa aliinua kichwa, akamtazama Merle. Merle alikuwa akilitazama birika.

Kaseti ikaisha. Clem akasimama. Akaenda mlangoni, akavaa viatu, na kwa kuwa hakuweza kufunga kamba aliziacha zikiburuta. Tukasikia gari lake likiwaka, likashuka barabarani, likapotea.

Merle alikusanya vikombe. "Haya basi," alisema. "Angalau amemaliza skonzi."

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nilijifanya nina kazi ya kubadilisha kebo kituoni, na Merle alijifanya ameniamini. Saa mbili akaanza kuita. Vikosi kumi vikajibu. Akafika cha mwisho.

"Sally, Sally, hapa Kituo. Unanipata? Ova."

Kimya. Akaita tena. Niliona kidole chake kimekuwa cheupe juu ya kitufe.

"Kituo, hapa Bellwick," ikaja sauti ya Nev. "Sally vipi leo?"

Kabla hajajibu tulisikia kokoto zikilia nje. Lile gari la Clem lilikuwa limeegeshwa kombo, nusu juu ya maua ya ukumbi. Clem akaingia bila kubisha. Alikuwa amenyoa ndevu na kujikata kidevuni.

"Bellwick, hapa Kituo," Merle alisema. "Sally yupo. Namwona. Mwisho wa zoezi." Akaweka kipaza sauti mezani, akageuza kitufe juu kisijibonyeze, akakikagua mara mbili. "Nimeangalia," aliniambia. "Safari hii nimeangalia."

"Mbona hujajibu?" Merle akamuuliza Clem.

"Si ndiyo nimekuja kujibu?" Alikuwa ameshika kofia kifuani. "Nimeunguza uji mara tatu tangu alfajiri. Merle, nataka nikwambie kweli, maana sitaki kukudanganya. Mle korongoni sikukufikiria. Nilifikiria pampu. Ilikuwa inakohoa, na nilijua ikizima tumekwisha. Bronwen analia, Jude anaimba nyimbo za Krismasi, na mimi nafikiria pampu."

"Vizuri," Merle alisema. "Ungenifikiria mimi mngekufa wote watatu."

Clem akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyesamehewa deni. "Ila baada ya pampu..." Akakwama. Akaanza upande mwingine. "Zile kuni. Unadhani nilikuwa napasua kuni zote zile kwa ajili ya jemu? Mimi jemu ya machungwa siipendi. Inanikera ulimi. Ninazo chupa stoo sijazifungua."

"Chupa ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Wewe mzee una wazimu! Arobaini na tatu, na kila mwaka unaniambia tamu!"

"Ningesema nini? Ningesema mbaya ungeacha kunipa." Kisha akanigeukia, uso umemwiva. "Na ninyi! Miaka kumi na mmoja! Bonde zima mlijua?"

"Mimi nimejua juzi," nikajitetea.

"Hata Nev?"

"Nev alikuwa wa kwanza," Merle akasema.

"Nev hawezi kutunza siri ya bei ya bia!" Clem akakaa kwenye kiti cha wageni, akashika kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua ni kicheko au kilio mpaka Merle aliposogea akaweka mkono wake juu ya mkono wa Clem wenye makovu. Vilikuwa vyote viwili. Nikakumbuka kwamba kuna kebo nyingine, ya nje, inayohitaji kukaguliwa kwa muda mrefu.

Siku ya kamati ukumbi wa Bellwick ulijaa. Wanakamati walikuwa watano, wamekaa nyuma ya meza ndefu yenye majagi ya maji. Nilisema hesabu zangu: gharama ya mnara, sola, betri, matengenezo ya miaka kumi. Niliona macho yao yanaanza kusafiri. Nikasema, "Sasa nawaomba msikilize," nikabonyeza.

Mlishawahi kusikia mtu akiitwa mara thelathini na nane asijibu? Ni muda mrefu sana. Hatukuwachezea zote, dakika ishirini zisingetosha, lakini tuliwachezea za kutosha. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliacha kuandika. Merle na mimi tulikuwa tumekubaliana mahali. Baada ya wito wa thelathini na nane nikazima.

"Kuna kinachoendelea kwenye kaseti?" mwenyekiti akauliza. "Naona utepe bado umebaki hapo."

Nikamtazama Merle. Akasimama kutoka safu ya pili, Clem kando yake.

"Kipo," alisema. "Lakini hicho ni changu."

Ukumbi ule ulikuwa na watu wa bonde karibu sitini, na kila mmoja alijua neno linalofuata. Nilitazama. Nev alikuwa anachunguza buti zake. Mama wa dukani alikuwa anatazama dari. Bronwen alifunga macho. Hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyekohoa. Mwenyekiti alizungusha macho kwenye nyuso zote zile, akaelewa kwamba ameelewa kiasi anachoruhusiwa.

"Hatuna swali zaidi," akasema.

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja. Walitupa mnara, sola zake na betri za kuanzia. Fedha ya matengenezo hawakutupa. Hiyo, barua ilisema, ni jukumu la jamii husika. Mnara una bei mbili, ya kuusimamisha na ya kuuacha umesimama, na ile ya pili hakuna mwanasiasa anayependa kupigwa nayo picha. Halmashauri ikakubali kubeba theluthi moja baada ya Merle kwenda kukaa kwenye kikao chao na kitambaa chake cha kufuma, saa nne nzima, bila kusema neno. Theluthi mbili ni zetu. Nev akaongeza sinia la pili la nyama siku za Ijumaa.

Clem alitoa eneo pale langoni bila kodi, akahamisha uzio mwenyewe. Mwezi wa tano mwaka huu mnara ukawashwa. Nilishuka korongoni na redio ya mkononi, nikasimama mbele ya nyumba ya Bronwen, nikaita, nikajibiwa, na Bronwen akiwa mlangoni na mtoto kiunoni akaniambia niite tena. Niliita mara tano, kwa ajili yake tu.

Merle na Clem hawakuoana; Merle anasema ana cheti kimoja cha ndoa na kinamtosha. Lakini mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma, walifunga trela la kulala nyuma ya gari la Clem wakaelekea kaskazini kwenye joto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Merle kuiacha meza ile zaidi ya wiki moja. Aliniachia orodha, kalamu tatu, na maelekezo ya birika.

Jumatatu ya kwanza niliita vikosi kwa sauti iliyokwaruza. Wakanilalamikia mmoja mmoja. Nasema haraka mno. Nasema polepole mno. Nimeruka kikosi cha Kilima cha Hapgood. Nikamaliza nimelowa jasho, na Nev akabaki hewani.

"Kituo, hapa Bellwick. Huyo mwenye meza anarudi lini? Ova."

"Sijui, Bellwick. Alisema wiki tatu. Jana wamepiga simu, wanasema huenda wakaongeza. Ova."

Nyuma ya Nev nikasikia glasi zikigongana.

"Basi vizuri," alisema. "Huko waliko wanasema hakuna mvua."